Alizeti Haibonyezwi

Mhadhara uliotolewa jioni mbele ya wapenzi wa Kiswahili, na kuchapishwa baadaye kwa ombi lao



Nianze kwa kukiri kosa. Nilipokuwa mfasiri kijana, bado nadaiwa kodi ya chumba ya miezi miwili, nililetewa kurasa nne za Kiingereza. Yalikuwa maelekezo ya mashine ya mafuta ya alizeti iliyokuwa inapelekwa mkoani Singida. Malipo yalikuwa kwa ukurasa, kwa hiyo sikuwa na haja ya kuchelewa. Ukurasa wa kwanza peke yake ulikuwa na neno "press" mara tisa. Nikafungua kamusi, nikakuta "bonyeza" limetangulia, nikalichukua na kutembea nalo hadi ukurasa wa nne. Nikapokea hela yangu, nikalipa mwezi mmoja.

Wiki mbili baadaye msimamizi wa kinu akapiga simu ofisini. Alikuwa mtu mzima, mpole kwa sauti, na upole wake ndio ulioniumiza. Akasema, "Mwalimu, tumekaa na karatasi yako hapa. Imeandikwa tubonyeze alizeti mpaka mafuta yatoke. Tuna magunia arobaini. Tubonyeze kwa vidole?"

Tangu siku hiyo neno "press" limekuwa jirani yangu wa karibu, na nikaona nilitumie kulipia deni la jioni hii. Neno lenyewe ni dogo. Mzizi wake ni wa Kilatini, ukapitia Kifaransa kabla ya kutua Uingereza, na maana yake ya kwanza kila mmoja wetu anaijua mwilini: kuweka nguvu juu ya kitu na kuendelea kuiweka. Haimaanishi kupiga, maana pigo huja na kuondoka, wala kusukuma, maana kinachosukumwa kinaweza kwenda zake. Chenye "press" juu yake hakina pa kwenda.

Ninachotaka kusema leo ni kimoja, mengine yote ni ushahidi. Mwingereza akisema "press" anautazama mkono unaolemea. Mswahili anakitazama kilicholemewa. Anauliza: kimebonyea? Kimetoa maji? Kimejaa? Kimenyooka? Kimekosa pumzi? Kila jibu lina kitenzi chake. Nilipokosea Singida sikukosa msamiati, maana maneno yote haya nililelewa nayo. Nilikosa kutazama chini ya mkono.

Twende jikoni kwanza. Nazi imekunwa kwenye mbuzi, imejaa sinia. Mama anamwagia maji ya vuguvugu, anavuruga kwa vidole, anakusanya konzi kwa konzi hadi kifumbu kinajaa, kisha anakisokota mpaka mishipa ya mkono inasimama. Tui la kwanza linatoka zito, linadondoka polepole. Anaongeza maji, anasokota tena, la pili linatoka jepesi na haraka. Kinachobaki ni chicha, wanapewa kuku. Kazi hiyo yote inaitwa kukamua, na ni kitenzi cha watu wanaojua kuwa ndani ya kitu kuna kitu. Ndiyo maana chungwa hukamuliwa, ng'ombe hukamuliwa, jipu hukamuliwa, na mpangaji wa mwenye nyumba asiye na huruma hukamuliwa vilevile. Tazameni pia jinsi lugha isivyokitupa kilichobaki: cha nazi ni chicha, cha alizeti ni mashudu. Kwa Kiingereza mashudu huitwa keki. Siku ya kwanza kuliona neno hilo kwenye karatasi ya Singida nilidhani mashine inatoa na mikate.

Sasa chukueni kitu ambacho hamtaki kitoe chochote, mnataka kiingie zaidi. Hapo tunashindilia. Mwindaji anashindilia baruti kwenye gobole. Fundi anashindilia udongo kuzunguka nguzo. Na mfanyabiashara wa viazi, Mungu amsamehe, anashindilia lumbesa. Mmeiona inavyofanywa: kijana anapanda juu ya gunia lililokwisha kujaa, anakanyagakanyaga akishika bega la mwenzake, viazi vinashuka, vinaongezwa vingine, halafu juu ya mdomo wa gunia unafumwa wavu na kuvikwa kilemba cha viazi vya ziada. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Mkulima analipwa kwa gunia moja. Kitenzi hiki basi kina mashaka ndani yake. Mtu akisema "limeshindiliwa", muuzaji na mnunuzi hawasikii kitu kimoja.

Kuna ambalo hatukamui wala hatushindilii, nalo ni shati. Mwingereza anali-"press". Sisi tunalipiga pasi, au kama tunavyosema zaidi Dar es Salaam, tunalinyoosha. Chuma kizito chenye moto kinapita juu ya kitambaa, na Mswahili hataji uzito wala moto. Anataja kilichopatikana: kimenyooka.

Mtaniambia kuwa na sisi tunacho kitenzi kinachofanya kazi za watu kumi. Ni kweli, ni "piga". Tunapiga pasi, simu, picha, kura, mbizi, hodi, deki na magoti, na hakuna anayeumia isipokuwa wa magoti. Mwacheni Mwingereza anayejifunza lugha yetu naye atoe jasho.

Kabla sijaondoka nyumbani, tahadhari moja kwa wafasiri vijana. Mwenzangu mmoja alikuwa akitafsiri hadithi ya Dublin, akafika mahali mama anasema vikombe viko ndani ya "press". Alikaribia kuvitia vikombe vya watu kwenye mtambo. Kumbe Waayalandi, na Waskoti pia, kwa neno hilo humaanisha kabati la ukutani. Kabati halimlemei mtu.

*

Tutoke jikoni sasa, twende kinuni, kwa sababu historia kubwa ya neno hili ilianzia huko.

Kiswahili cha zamani kilikuwa na kitenzi maalumu cha kazi ya kinu cha mafuta: kushindika, au kusindika. Katika miji ya pwani ngamia aliyefungwa macho alizunguka siku nzima akivuta mti mzito, na ule mti ukizunguka ndani ya kinu ulisaga na kukandamiza ufuta mpaka mafuta yakajichuja chini. Huko ndiko kushindika. Leo mkisikia waziri akizungumzia viwanda vya usindikaji wa matunda, samaki na maziwa, kitenzi ni kilekile, kimevuliwa ngamia na kuvishwa suti. Nyumbani kimebaki na kazi ndogo ya upole: kushindika mlango ni kuusukuma ukutane na fremu bila kutia komeo.

Ulaya nako watu walikuwa na mitambo ya namna hiyo kwa zabibu na zeituni, yenye parafujo kubwa ya mti iliyoshusha ubao polepole juu ya matunda. Katikati ya karne ya 15, katika mji wa Mainz, Ujerumani, Johannes Gutenberg aliutazama mtambo huo akaona unaweza kulemea kitu kingine. Alikuwa fundi wa metali, akasubu herufi moja moja za metali, akazipanga kwa mistari, akazipaka wino wa mafuta kwa sababu wino wa maji huteleza juu ya metali, akalaza karatasi juu yake na kushusha ubao. Biblia yake ilikamilika kama mwaka 1455, nakala zipatazo 180. Mafundi wawili waliozoeana, mmoja akipaka wino na mwingine akishughulika na mtambo, walihesabiwa kutoa karatasi 250 kwa saa. Na jambo linalonifurahisha mimi: mtambo huo uliopewa jina la kulemea uliendeshwa kwa kuvuta. Fundi alikamata mtaimbo, akaweka mguu sawasawa, akavuta kifuani kwake mara maelfu kwa siku.

Kazi iliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka mia tatu. Tarehe 29 Novemba 1814 gazeti la The Times la London lilitoka likiwa limechapwa kwa mtambo wa mvuke wa Friedrich Koenig, nakala 1,100 kwa saa. Mwenye gazeti aliuficha mtambo huo kwenye jengo la pembeni, maana alijua mafundi wake wa mikono wakiuona wataufanyia fujo. Asubuhi waliambiwa toleo la siku hiyo limekwisha kuchapwa.

Jina basi likaanza kusafiri. Kutoka kwenye ubao wa zabibu likahamia kwenye mtambo wa herufi, kutoka hapo kwenye jengo lenye mtambo, kutoka kwenye jengo kwenye magazeti yanayotoka humo, na mwisho likatua kwa watu wanaoyaandika. Mwandishi wa habari aliyevaa koti lenye maandishi PRESS kifuani, akiwa katikati ya moshi wa mabomu ya machozi, amevaa jina la mashine ya divai.

Sisi tulifuata njia nyingine. Mtambo ulipofika pwani yetu, neno lake lilitoka Bara Hindi: chapa. Wamisionari wa UMCA walichapa vitabu Zanzibar tangu enzi za Askofu Edward Steere, na mwaka 1888 wakatoa humo gazeti la Msimulizi. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza Tanganyika ikaanzisha Mambo Leo. Kwa kuwa mtambo ni wa chapa, kazi ikawa kupiga chapa, na mpaka leo Tanzania ina ofisa anayeitwa Mpiga Chapa Mkuu wa Serikali, cheo ambacho mgeni akikisikia hudhani ni cha mwalimu wa nidhamu. Hana makosa sana. Kuchapa kitabu na kuchapa mtoto viboko ni kitenzi kimoja mdomoni, na mwandishi wa habari wa nchi zetu anaweza kuchapwa kwa maana zote mbili katika wiki moja.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna jambo limepotea katika tafsiri na sijaona anayelitafuta. Mwaka 1644 mshairi John Milton aliandika kijitabu kulipinga Bunge la Uingereza, ambalo mwaka mmoja kabla lilikuwa limeamuru kwamba hakuna kitakachochapwa bila kibali. Alichokitetea Milton kilikuwa mtambo na mtu anayetaka kuutumia. Wakati huo hapakuwa na jumuiya ya wanahabari ya kutetewa, wala klabu yao. Mwaka 1791 Wamarekani waliingiza neno hilohilo katika nyongeza ya kwanza ya katiba yao, na wanasheria wao wanabishana hadi leo: "press" iliyolindwa pale ni tasnia ya wenye magazeti, au ni chombo cha kuchapia ambacho raia yeyote anaweza kukitumia? Jibu likiwa la kwanza, mwandishi aliyeajiriwa ana haki ambayo mwalimu mwenye mashine ya rudufu hana. Likiwa la pili, wote wawili wamo.

Mwezi Mei 1991 waandishi wa Afrika walikutana Windhoek, Namibia, wakatoa azimio la kudai magazeti huru na ya aina nyingi. Mwaka 1993 Umoja wa Mataifa ukaitangaza tarehe ya azimio hilo, 3 Mei, kuwa siku ya dunia nzima. Kwa Kiswahili tunaiita Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari. Ni tafsiri nzuri, masikio yameizoea, na mimi mwenyewe nimeiandika mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Lakini imekwisha kuamua ule ubishi wa Wamarekani bila kutuuliza. Chombo cha habari kina mwenyewe. Kina leseni, kina mhariri, kina mlango wenye askari. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 katika Ibara ya 34 nayo imeliacha neno la zamani la mtambo, hata katika Kiingereza chake, ikachagua neno la vyombo. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania haikutaja mtambo wala chombo, imezungumzia haki za mtu. Kati ya hizo mbili, mimi mfasiri naipenda hii ya mtu, ingawa najua mahakamani mapenzi ya mfasiri hayahesabiki.

*

Kuna "press" moja iliyoingia kwa mlango wa uongo. Katika karne ya 18 jeshi la wanamaji la Uingereza lilipungukiwa watu, na magenge yalitumwa bandarini kukamata vijana na kuwatia melini kwa nguvu. Magenge hayo yaliitwa kwa neno letu hili, na kila anayelisikia huona mantiki: watu walilemewa wakakubali. Kumbe neno hilo lina mama mwingine. Lilitokana na neno la Kifaransa cha kale la kukopesha, likimaanisha fedha kidogo ya utangulizi aliyopewa mwanajeshi akiipokea mkononi, na akiipokea tu amefungwa. Karne zilivyopita, sauti za maneno mawili zikafanana, na maana ya nguvu ikaimeza ile ya fedha. Vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815 magenge yakakoma.

Yakakoma kwao. Miaka mia moja baadaye, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walihitaji wapagazi wa kubeba risasi na chakula katika vita vyao na Wajerumani huku kwetu, na mwaka 1915 huko Kenya wakatunga sheria ya kuwachukua wanaume kwa lazima. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Dar es Salaam ilipoangukia mikononi mwa Waingereza mwaka 1916, kambi ya wapagazi ikawekwa mahali ambapo leo tunanunua vitenge na vyungu, na jina la kikosi likapitia midomo ya watu likawa Kariakoo. Nairobi wakabaki na Kariokor. Makumi ya maelfu ya watu hao hawakurudi, wengi wakifa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kiingereza cha vitabuni kinasema "pressed into service". Wazee wetu hawakuhitaji fumbo la kulemea wala la mkopo. Walisema fulani alikamatwa.

*

Sasa nije kwenye mwili, kwa sababu huko ndiko kitenzi kimoja cha Kiswahili kinapomshinda Mwingereza kwa upana. Nacho ni songa. Tunasonga ugali, mwiko ukikandamiza unga dhidi ya ukingo wa sufuria mpaka unashikana. Magari yakishikana hivyohivyo barabarani tunasema msongamano. Mawazo yakishikana kichwani tunasema msongo wa mawazo. Wataalamu walipotafuta jina la ule uchovu wa akili wa watu wa mjini, hawakwenda mbali na jiko. Mtu mwenye msongo wa mawazo ni sufuria iliyokauka maji.

Jirani yake ni bana. Mwingereza akiwa hana nafasi husema amekuwa "pressed" na muda. Sisi twasema nimebanwa, na hatusemi na nini, kwa hiyo mtu akikuambia hivyo mkutanini huna budi kutazama uso wake. Kama anatazama saa, amebanwa na kazi. Kama anatazama mlango na magoti yamekaribiana, mwelekeze maliwato.

Na michezoni? Watangazaji wetu wa mpira walilisikia neno la Ulaya la kumbana mpinzani karibu na lango lake, wakasema timu inakabia juu. Kukaba ni kushika koo. Mkiwatazama mabeki wanavyohangaika kutafuta pa kupeleka mpira, mtakubali kuwa tafsiri imempita mwenyewe.

Nimesema Kiswahili hutazama kilicholemewa. Kuna mahali pamoja tuliacha mazoea hayo, tukalibeba neno la kigeni zimazima, na pametugharimu. Ni presha.

Shangazi yangu alipimwa zahanati. Nilikuwa nimeketi naye. Nesi alimvisha mkanda juu ya kiwiko, akaujaza hewa kwa kupampu mpaka shangazi akakunja uso, akaweka kifaa cha kusikilizia kwenye mkunjo wa mkono, akaiachia hewa itoke kidogo kidogo huku macho yake hayatoki kwenye mshale. Kinachofanyika pale ni kizuri kukielewa. Mkanda unaukaba mshipa mpaka damu inasimama. Hewa inapopunguzwa, inafika mahali moyo unapata nguvu ya kuifungua njia, na damu inapenya kwa mtuto. Sauti ya kwanza inayosikika ni namba ya juu. Damu inapopita bila kubughudhiwa na sauti ikapotea, hiyo ni namba ya chini. Mkanda ulibuniwa na daktari Mwitaliano, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896, na zile sauti zikaelezwa na Mrusi Nikolai Korotkoff mwaka 1905. Kabla yao, mwaka 1733, mchungaji Mwingereza Stephen Hales alikuwa ameandika jinsi alivyochomeka mrija kwenye mshipa wa farasi jike na kuona damu ikipanda juu kwa zaidi ya mita mbili. Tushukuru mkanda.

Namba za shangazi zilikuwa 170 kwa 100. Akapewa vidonge, akaambiwa ana presha, ameze kila siku. Baada ya miezi minne nilimkuta ameviacha. "Mwanangu," akaniambia, "presha ilikuwa ya yule mpangaji. Ameshahama. Sina mawazo tena."

Hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma neno kama tunavyolitumia. Tunasema bosi ananipa presha, mechi ya leo ina presha, usinipe presha. Presha kwetu ni hofu na hasira, ni mtu fulani na jambo fulani, na jambo likiisha nayo imeisha. Ile ya kwenye mkanda inazungumzia kuta za mishipa, na inaweza kuwa juu kwa miaka kumi huku mwenyewe akicheza bao na kucheka. Nesi alisema moja, shangazi akasikia jingine, na wote wawili walitamka neno moja kwa usahihi. Mwaka uliofuata alipata kiharusi chepesi. Amepona, mkono wa kushoto bado mzito kidogo, na vidonge anameza. Sasa anauita ugonjwa wake "presha ya mishipa", ili asiuchanganye na ile ya wapangaji. Nimewaambia madaktari kadhaa ninaowafahamu waliibe jina hilo. Mmoja ameliiba.

Walimu wa fizikia walifanya kazi safi zaidi. Walipohitaji neno, waliunganisha kani na eneo wakapata kanieneo. Mwanafunzi akilitamka tu ameshakariri kanuni: kani igawanywe kwa eneo. Kidole gumba kwenye papai bivu kinabonyeza, kisu chenye makali kwa nguvu ileile kinapenya mpaka kwenye mbegu, kwa sababu eneo limekuwa jembamba kama uzi. Sijui neno la Kiingereza linalofundisha hivyo kwa kutajwa tu. Bahati mbaya halijatoka darasani. Kwa fundi pancha wa kona ya kwetu, kinachopimwa kwenye tairi ni upepo, na ukimwambia akupimie kanieneo atakuuliza gari lako lina tatizo gani jingine.

Lililobaki ni shinikizo, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Sikio langu husikia ndani yake mlio wa shindika, kinu na ngamia wake. Ni neno zuri likiwa mahali pake: shinikizo la damu, shinikizo la wafadhili. Lakini kwenye kurasa za magazeti yetu limekuwa ile "bonyeza" yangu ya ujanani. Wabunge wanashinikiza, wazazi wanashinikiza, mashabiki wanashinikiza kocha aondoke. Aliyebembeleza, aliyedai, aliyetishia, aliyesisitiza na aliyeshurutisha wote wamemwagwa kwenye kinu kimoja, na msomaji hajui kama mbunge alipiga meza au alipiga magoti. Mhariri anayelitumia mara tatu katika habari moja anipigie simu, nitamsimulia habari za Singida.

Na huko ndiko nirudi, maana sijawaambia ilivyoishia. Nilipanda basi kwa gharama yangu na karatasi mpya mkononi. Msimamizi alinikaribisha kinuni, mashine ikinguruma, sakafu ikiteleza kwa mafuta, akavaa miwani akasoma mstari kwa mstari akiwa amesimama. Kitufe kinabonyezwa: akatikisa kichwa kukubali. Alizeti inakamuliwa: sawa. Parafujo inakazwa: sawa. Mpini unagandamizwa chini: akanitazama, akaenda kuushika mpini, akaugandamiza, akarudi: sawa. Akafika mstari wa mwisho, ambapo Kiingereza kilisema mashudu yawe "pressed" ndani ya magunia, nami kwa kujiamini nilikuwa nimeandika "yashindiliwe".

Akachomoa kalamu sikioni. Akaninyooshea lundo la mashudu yaliyotoka punde, akanishika mkono akauweka karibu nayo nisikie joto.

"Haya ya moto ukiyashindilia yatavunda," akasema. "Aliyeandika huko hajawahi kulala kinuni." Akakata neno langu kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: yajazwe.